Hakuna Gesi Iliyozikwa kwa Huruma

Fungua soda baridi usikilize ile "tsss". Hiyo ni kaboni dayoksaidi inatoroka. Wengi tunaijua kama gesi mbaya ya viwanda na magari, ile inayojazana hewani na kuipasha dunia joto. Lakini kuna kitu wasee wengi wa Nairobi hawajui. Hapo tu Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu, kuna kampuni inaitwa Carbacid ambayo huichimba hiyo gesi kutoka ardhini, inaisafisha, kisha inawauzia watengenezaji wa soda. Si siri, hata hisa zake ziko Soko la Hisa la Nairobi. Hakuna mtu aliyeiweka hiyo gesi huko chini. Ilikuwa imejificha kwenye mwamba kabla ya babu yako kuzaliwa.

Sasa jiulize swali rahisi. Kama ardhi inaweza kuishika hii gesi miaka yote hiyo, si basi tuikamate kwenye bomba za moshi za viwanda tuirudishe chini?

Watu wameshafanya hivyo. Kuna historia ya zaidi ya miaka 50. Leo nakupitisha ndani yake, lakini shikilia swali moja unaposoma: nani alilipa, na kwa nini? Mimi chuo nilitoka kabla ya kumaliza, sitajifanya mwalimu wa jiolojia. Lakini kufuata doo hakuhitaji digrii.

Tuanze Texas, Marekani, mwaka wa 1972. Huko magharibi, kaunti ya Scurry, kulikuwa na eneo kubwa la visima vya mafuta linaloitwa SACROC. Mafuta yalikuwa yameanza kugoma. Hayakuwa yameisha. Yalikuwa yameng'ang'ania mwamba vile mafuta ya kukaangia hung'ang'ania sufuria ukiiosha na maji matupu. Wahandisi walijua kwamba ukisukuma kaboni dayoksaidi huko chini kwa presha kubwa, inaingia ndani ya mafuta, inayafanya mepesi, na yanateleza kuelekea kisimani. Gesi wakaitoa kwenye mitambo ya kusafisha gesi asilia iliyokuwa ikiiachilia tu hewani, wakaisafirisha kwa bomba la zaidi ya kilomita 300.

Kwa hivyo biashara kubwa ya kwanza ya kusukuma hii gesi ardhini haikuwa na uhusiano wowote na mazingira. Ilikuwa ya kutoa mafuta zaidi, ambayo yangechomwa na kutoa gesi zaidi. Na haikuishia hapo. Mahitaji yalipoongezeka, mwaka wa 1984 likafunguliwa bomba lingine la takriban kilomita 800 kutoka Colorado hadi Texas. Lilibeba kaboni dayoksaidi iliyokuwa imelala ardhini kiasili, kama ile ya Kereita. Yaani waliifukua gesi iliyokuwa imezikwa tayari, wakaenda kuizika kwingine ili wapate mafuta. Huwezi kutunga.

Je, hakukuwa na mtu aliyefikiria kuizika kwa sababu ya hali ya hewa? Alikuwepo. Mwaka wa 1977 mwanafizikia Mwitaliano, Cesare Marchetti, aliandika kwamba Ulaya inaweza kunasa gesi ya mitambo yake ya umeme na kuipeleka kwenye maji mazito yanayozama pale mlango wa bahari wa Gibraltar, iende chini kabisa ya Atlantiki. Wazo la bahari lina shida zake, kwa sababu hii gesi hufanya maji kuwa na asidi. Lakini angalia mwaka: 1977. Wazo la kuikamata gesi na kuitoa hewani lilikuwa mezani, limeandikwa. Nani angelipia? Hakuna. Likabaki karatasini.

Kilichobadilisha mambo ni ushuru. Ndio, ushuru, hilo neno tunalolichukia hapa Kenya kuliko yote.

Mwaka wa 1991, Norway ilianza kutoza ushuru wa kaboni, na kampuni za mafuta na gesi baharini hazikuachwa nje. Wakati huo kampuni ya Statoil, ambayo leo inaitwa Equinor, ilikuwa inajiandaa kuchimba gesi katika eneo la Sleipner, Bahari ya Kaskazini. Gesi yenyewe ilikuwa na tatizo: karibu asilimia 9 yake ilikuwa kaboni dayoksaidi, na wanunuzi hawakutaka izidi asilimia 2.5. Lazima ile ya ziada ingetolewa. Kawaida wangeiachilia hewani na maisha yaendelee. Lakini sasa kila tani ilikuwa na bili, na hapa tunaongea karibu tani milioni moja kila mwaka. Wakapiga hesabu, wakaona kuizika ni bei rahisi kuliko kulipa.

Mwaka wa 1996 wakaanza kuisukuma kwenye tabaka la mchanga linaloitwa Utsira, takriban kilomita moja chini. Usifikirie pango kubwa tupu. Fikiria sponji. Huo mwamba una vijitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi, na gesi inajipenyeza humo. Huko chini presha ni kali kiasi kwamba gesi inabanwa hadi inakuwa nzito karibu kama kioevu, kwa hivyo nyingi inatoshea mahali padogo. Juu yake kuna tabaka nene la mwamba wa udongo usiopitisha kitu, kama kifuniko cha sufuria. Wanasayansi wamekuwa wakiipiga picha kwa mawimbi ya sauti mwaka baada ya mwaka, na gesi inaonekana ikitambaa chini ya kile kifuniko bila kukipita.

Ulikuwa mradi wa kwanza mkubwa duniani kuzika hii gesi ili isiende hewani. Na haukuletwa na mapenzi ya miti na wanyama. Serikali iliweka bei, kampuni ikakimbia bei.

Linganisha na Algeria, jirani yetu wa kaskazini mwa bara. Huko In Salah, katikati ya Sahara, BP, Statoil na kampuni ya taifa ya Sonatrach walizika karibu tani milioni 3.8 kati ya mwaka wa 2004 na 2011. Hakukuwa na ushuru unaowasukuma. Ulikuwa kama mradi wa kujaribu na kuonyesha. Setilaiti zikaona ardhi ya juu inapanda milimita chache kila mwaka. Presha huko chini ilikuwa inauchosha mwamba, na wasiwasi ukaingia kuhusu kile kifuniko. Mwaka wa 2011 wakasimamisha. Funzo ni kwamba mwamba wa Norway si mwamba wa Algeria. Hakuna mahali pa kukopi na kubandika.

Halafu kuna Australia. Serikali ilikubali mradi mkubwa wa gesi wa Gorgon, unaoendeshwa na Chevron, kwa sharti kwamba angalau asilimia 80 ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye visima vyake izikwe. Gesi ya kuuza ilianza kusafirishwa 2016. Kuzika kulianza 2019, na tangu hapo kumekuwa chini ya ahadi. Mauzo hayakuwahi kusubiri mazishi. Ukiona mradi wowote unaosema "tutachafua leo, tutazika kesho", kumbuka Gorgon.

Najua kuna mtu ameanza kuogopa: na ikitoka je? Si woga wa bure. Hii gesi ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na ikijaa mahali inakunyima pumzi. Agosti 1986 ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika kaboni dayoksaidi iliyokuwa imejikusanya kwenye maji ya chini kabisa. Watu takriban 1,700 walikufa, wengi usiku, na ng'ombe wao pia. Lile lilikuwa ziwa la volkano, si mwamba uliofunikwa kilomita moja chini, kwa hivyo tusichanganye. Lakini mwaka wa 2020, huko Satartia, Mississippi, bomba linalosafirisha hii gesi lilipasuka. Magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni, watu 200 hivi wakahamishwa na zaidi ya 40 wakapelekwa hospitali. Ukiniuliza, kabla ya kuogopa kilicho chini, uliza kwanza bomba linapita nyuma ya nyumba ya nani.

Kuna njia moja inayopunguza huo woga, na inatuhusu sisi. Aisilandi, pale Hellisheiði, mradi wa Carbfix ulianza mwaka wa 2012 kuyeyusha hii gesi ndani ya maji, kama soda kabisa, na kuisukuma kwenye mwamba mweusi wa volkano unaoitwa basalti. Hayo maji yana asidi kidogo, yanalamba madini ya kalsiamu kutoka kwenye mwamba, kisha madini na gesi yanaungana na kuwa jiwe. Walidhani ingechukua miaka mingi sana. Mwaka wa 2016 wakatangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya walichozika kwenye jaribio kiligeuka jiwe kwa chini ya miaka miwili. Jiwe halivuji.

Basalti. Joto la ardhini. Si hiyo ni Bonde la Ufa? Ndiyo maana macho yamegeuka huku. Kampuni ya hapa Kenya, Octavia Carbon, imekuwa ikijaribu Gilgil mitambo ya kunasa kaboni dayoksaidi moja kwa moja kutoka hewani, kwa mpango wa kuizika kwenye mwamba wa huko. Pesa inatarajiwa kutoka kwa kampuni za ng'ambo zinazonunua vyeti vya kaboni ili ziseme zimefuta uchafu wao.

Mimi sipingi. Kuna viwanda ambavyo hata ukivipa umeme wa jua bado vitatoa hii gesi. Saruji ni mfano: ukichoma mawe ya chokaa, jiwe lenyewe linatoa kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana Norway, kwa pesa nyingi za serikali, imejenga mtambo wa kunasa gesi kwenye kiwanda cha saruji cha Brevik, na mwaka wa 2025 gesi ikaanza kuzikwa chini ya bahari. Hapo naona maana.

Lakini weka hesabu sawa. Dunia inatoa karibu tani bilioni 37 za hii gesi kwa mwaka kutokana na kuchoma mafuta, makaa na gesi na kutengeneza saruji. Mitambo yote ya kunasa iliyopo ina uwezo wa tani milioni 50 hivi. Katika kila kilo 1,000, hiyo ni kilo moja na kidogo, na sehemu kubwa ya gesi iliyonaswa miaka hii yote imetumika kule kule ilikoanzia Texas, kutoa mafuta. Mtu akikuambia tuendelee tu kuchoma kwa sababu tutazika, anakuuzia uwoga.

Na Afrika nzima inatoa asilimia 4 hivi ya uchafu huu. Kwa hivyo mgeni akija kuzika kwetu, anakodisha mwamba wetu, na anayekodisha hulipa. Tayari tumeona Olkaria: mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa umeme wa mvuke, malalamiko yakafika hadi Benki ya Dunia. Nishati safi, sawa, lakini kuna watu walitolewa kwao. Tangu 2023 tuna sheria ya tabianchi inayosema miradi ya kaboni ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama, na ile mingine asilimia 25. Sasa kisima cha kuzikia gesi, kinachochukua shamba dogo juu na mwamba mkubwa chini, kinahesabiwa upande gani? Hiyo tofauti ya asilimia 15 ni karo ya watoto wa watu.

Kwa hivyo wakija kufanya baraza Gilgil, Naivasha au kwenu, usikae nyuma ukichezea simu. Simama uulize: Nani ananunua hicho cheti, na atapunguza moshi wake au ataongeza? Bomba linapita wapi? Nani atakuwa akipima huo mwamba miaka 30 ijayo, kampuni ikiwa imefungwa? Na mkataba wa jamii uko wapi, tuusome kabla hamjachimba? Norway hawakungoja kampuni iwe na roho nzuri. Waliandika bei kwenye sheria kwanza, halafu kisima kikafuata.