Radi ya Teso na namba tano

Nimepotea kidogo kwa sababu ya kibarua kilichonipeleka Busia na Malaba. Kazi ilikuwa kuunda programu ya simu ya kuwauliza wanafunzi wanaamini nini kuhusu elimu yenyewe. Je, ukweli hubadilika? Akili ni ya kuzaliwa nayo? Mwalimu akishasema, mjadala umekwisha? Mtoto anachagua namba, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa).

Hojaji za namna hii zina asili yake Marekani. William Perry aliwahoji wanafunzi wa Harvard, na mwaka 1970 akachapisha kitabu chenye ngazi ya hatua 9 za kukua kwa fikra. Marlene Schommer akafuata mwaka 1990 na hojaji yake ya sentensi 63. Kwa mwanaprogramu ni kazi ya siku mbili tu, safu moja ya namba kwenye hifadhidata, basi.

Tulijaribu darasa moja upande wa Malaba. Mwalimu kasimama mlangoni. Karibu wote wakachagua 5, hata kwenye sentensi mbili zinazopingana! Mteja akataka niandike mistari michache ya kufuta "majibu mabovu". Nikasita, nikaanza kusoma.

Kumbe shule za Busia zimepimwa kuliko sehemu nyingi duniani. Tangu miaka ya 1990 Michael Kremer na wenzake, wakishirikiana na shirika la ICS lenye asili ya Uholanzi, waligawa vitabu na dawa za minyoo kwa shule zilizopangwa kwenye makundi, kisha wakalinganisha. Kremer alipata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Banerjee na Duflo. Hayo labda mmeyasikia.

Kilichonishika ni ufadhili wa wasichana wa mwaka 2001. Shule 127, kutoka Busia na Teso (wilaya ya Malaba, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Busia), na nusu yake zikaingizwa kwa bahati nasibu. Msichana wa darasa la sita akiwa kwenye asilimia 15 bora, shule yake inapewa shilingi 500 na familia yake 1,000, kila mwaka kwa miaka miwili.

Juni 2001 radi ikapiga shule moja ya msingi huko Teso. Wanafunzi 7 wakafa. Shule hiyo haikuwa hata kwenye mpango, lakini watu waliihusisha radi na shirika, na baadhi ya shule zikajitoa. Busia alama za wasichana zilipanda. Teso data zilipungua mno, ikawa vigumu kusema kitu kwa uhakika.

Kwenye takwimu hiyo inaitwa data iliyopotea. Mimi naona ni jibu. Wageni wanakuja, wanaandika majina ya watoto, wanatoa pesa, halafu watoto wanakufa. Nani anajua kwa nini? Nani wa kuaminiwa? Wazazi wa Teso walijibu swali lile lile lililomo kwenye programu yangu, ila mimi sikuwa na safu ya kuliweka.

Na ngazi ya Perry? Miaka michache baadaye watafiti waliwauliza wasichana wa Busia maoni yao, wakachapisha mwaka 2016. Waliokuwa kwenye mpango walijua siasa zaidi, na walikubali kidogo zaidi kuliko... hapana, niseme sawasawa: walikataa zaidi mume kumpiga mke. Lakini pia waliona zaidi kwamba vurugu za kisiasa zinaweza kuwa halali. Sasa hapo ni kupanda ngazi au kushuka?

Mistari ya kufuta sikuiandika. Nimeomba mambo matatu: mwalimu atoke nje, maswali yawepo kwa Kiteso, na baada ya kila jibu mtoto aulizwe, "Umejuaje?" Mteja amekubali mawili ya kwanza. La tatu bado tunavutana, anasema maneno hayajumlishiki.