Uhaini katika Sheria ya Uingereza: Kutoka Edward III hadi Roger Casement

Mnamo mwaka 1351, Bunge la Mfalme Edward III lilitunga sheria ya kubainisha uhaini ni nini. Msukumo ulitoka kwa mabwana wenye ardhi. Kabla ya hapo majaji walilipanua neno hilo walivyotaka, hata unyang'anyi wa njiani ukaweza kuitwa uhaini. Na ardhi ya mhaini ilichukuliwa na mfalme, ilhali ya mhalifu mwingine ilimrudia bwana wake. Ugomvi wa neno ulikuwa, basi, ugomvi wa mali. Sheria ikataja makosa machache, yakiwemo kukusudia kifo cha mfalme, kumpiga vita katika milki yake, kuambatana na adui zake na kughushi fedha yake.

Mpaka huo haukuheshimiwa daima. Mwaka 1534, chini ya Henry VIII, maneno matupu yalifanywa uhaini. Thomas More, aliyejilinda kwa kunyamaza, alihukumiwa mwaka 1535 kwa ushahidi wa mazungumzo ya kifungoni, akakatwa kichwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1547. Ile ya 1351 ikabaki.

Mwaka 1916 ilimwangukia mtu ambaye historia ya Kongo inamjua kwa jambo jingine. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ndiye aliyepanda Mto Kongo mwaka 1903 na kuandika ripoti juu ya vijiji vilivyohamwa na watu waliokatwa mikono katika utawala wa Leopold II. Wakati wa vita, Casement, mzaliwa wa Ayalandi, alikwenda Ujerumani kuwaandikisha mateka Waayalandi wapiganie uhuru wa nchi yao. Wakili wake alidai kwamba sheria humgusa tu anayemsaidia adui akiwa ndani ya milki ya mfalme. Hati ya kale, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ikachunguzwa upya, hata alama zake ndogo za kalamu zikajadiliwa. Hoja ilikataliwa. Casement mwenyewe alikuwa na hoja nzito zaidi: kwamba Mwayalandi ahukumiwe na Waayalandi wenzake, kwa kuwa utii wake ni kwao.

Alivuliwa heshima alizotunukiwa na mfalme, miongoni mwao nishani ya 1905 iliyofuata ripoti ya Kongo, akanyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Adhabu ya kifo kwa uhaini ilifutwa Uingereza mwaka 1998. Sehemu za sheria ya 1351 zingali na nguvu.