Mhandisi wa Kemikali Hufuata Mtambo

Mshikaji wangu mmoja, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja pale Mlimani, alinipigia simu Jumapili jioni. Salamu zilikuwa fupi mno, nikajua kuna jambo. "Kaka, wewe mwandishi, unajua kuchimba habari. Hivi na nondo yangu hii ya uhandisi wa kemikali, Canada napata kazi kweli?"

Tangu amalize chuo miaka minne iliyopita anauza dawa za mabwawa ya kuogelea, anazunguka na pikipiki Masaki na Mbezi. Si kazi mbaya, ila kuuza klorini hakuhitaji miaka minne ya kukokotoa jinsi joto linavyopita kwenye bomba. Sasa kampata "wakala" anayemwambia alete milioni kadhaa, mambo yataiva. Hela hana. Alicho nacho ni kiwanja Goba alichoachiwa na marehemu baba yake, na mnunuzi kishapatikana.

Nikamwomba anipe wiki moja. Wadau mnanijua, nikikwama huwa narudi nyuma kuuliza jambo limeanzia wapi. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeona nisiwanyime na ninyi.

Taaluma yenyewe ni changa. Mwaka 1887 Mwingereza George E. Davis, aliyewahi kuwa mkaguzi wa viwanda vya kemikali, alitoa mihadhara 12 mjini Manchester. Alichokuwa akisema ni rahisi: kuchemsha, kuchuja, kukausha na kutenganisha ni kazi zilezile, uwe unatengeneza sabuni, bia au mbolea. Mwaka uliofuata chuo cha MIT kule Marekani kikaanza kuisomesha kama kozi kamili. Ukishazijua kazi hizo unaweza kuhama kiwanda, na anayeweza kuhama kiwanda anaweza kuhama nchi.

Na walihama kweli. Mafuta yalipatikana Uajemi mwaka 1908, na mwaka 1912 mtambo wa kuyasafisha ukaanza kazi Abadan. Wakubwa wa kazi walitoka Uingereza, mafundi wengi wakaletwa kutoka India. Kila kundi na nyumba zake, kila kundi na mshahara wake. Mwaka 1951 Iran ikataifisha mafuta yake, na ilipofika Oktoba Waingereza waliobaki pale wakapakiwa melini. Usomi wao ulikuwa uleule, lakini mtambo ulikuwa umebadilisha mwenyewe.

Kuna habari nyingine inayotuhusu kwa karibu zaidi. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alipochukua nchi, aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni. Nchi ilikuwa na shule chache mno, wasomi wakawa wa kutafuta. Wengi walioitika walikuwa watu wa Zanzibar, waliotawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964. Walikuwa na elimu na Kiingereza, wakaingia wizarani na kwenye kampuni ya mafuta, Kiswahili kikasikika kwenye korido za Muscat. Si wote walikuwa wahandisi. Lakini angalia kilichowafungulia mlango: nchi ilikuwa na kazi isiyo na watu, na wao walikuwa na ujuzi pamoja na asili iliyokubalika pale. Mlango ule haukuwa wa kila Mswahili mwenye cheti.

Sasa turudi Bongo. Msidhani hatukuwahi kuwa na mitambo. Kigamboni kiwanda cha TIPER kilianza kusafisha mafuta mwaka 1966, serikali ikishirikiana na Waitaliano. Tanga kiwanda cha mbolea kikafunguliwa mwaka 1972. Mwaka 1973 Mlimani pakaanzishwa Kitivo cha Uhandisi, Ujerumani Magharibi ikitia mkono, na baadaye uhandisi wa kemikali ukawa na idara yake. Hesabu ilieleweka: viwanda vinajengwa, vijana wanasomeshwa kuviendesha.

Kiwanda cha Tanga kikafungwa mwaka 1991. TIPER ikaacha kusafisha mafuta kuelekea mwaka 2000, ikabaki kuwa matangi ya kuhifadhia. Jirani zetu nao, mtambo wa Changamwe ulioanza mwaka 1963 uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Idara za vyuo hazikufungwa. Ziliendelea kutoa wahandisi mwaka hadi mwaka. Mshikaji wangu ni mtoto wa hesabu hiyo iliyobaki na upande mmoja. Nilipofika hapo nikaelewa kwa nini sauti yake simuni ilikuwa vile. Amekuwa akidhani kasoro iko kwake.

Basi majuu kukoje? Marekani mwaka 1965 ilifuta mgawo wa kuingiza watu kwa kuangalia taifa walikotoka, na wahandisi wa India wakaanza kuingia kwa wingi. Mwaka 1990 ikaja viza ya H-1B, yenye kikomo cha watu 65,000 kwa mwaka, na baadaye zikaongezwa nafasi 20,000 za waliochukua shahada ya uzamili au zaidi hukohuko. Septemba 2025 likatoka tangazo la rais linalomtaka mwajiri alipe dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi. Mlango uleule, bei nyingine.

Canada ilianza kupima wahamiaji kwa alama mwaka 1967: umri, elimu, lugha, kazi. Tangu 2015 maombi ya wenye ujuzi hujazwa mtandaoni, na mtu anaweza kujijazia mwenyewe bila wakala. Lakini alama zinakupa ukaazi tu. Kujiita mhandisi ni suala jingine, kila jimbo lina chombo chake cha usajili. Kwa miaka mingi Ontario walidai uwe umefanya kazi Canada kwanza, sharti lililoondolewa mwaka 2023. Wangapi walibeba maboksi wakisubiri sharti hilo?

Halafu kuna mkataba uitwao Washington Accord, wa mwaka 1989. Nchi sita zinazozungumza Kiingereza zilikubaliana kutambua shahada za uhandisi za wenzao. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999, sisi hatumo. Kwa hiyo shahada ya Mlimani hupimwa moja moja, karatasi kwa karatasi.

Na huko nako mitambo inafungwa. Februari 2023 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilitangaza kufunga mtambo mmoja wa amonia Ludwigshafen na kupunguza ajira 2,600. Grangemouth, Scotland, usafishaji wa mafuta ulikoma Aprili 2025. Wakati huohuo, Januari 2024 mtambo wa Dangote kule Lekki, Nigeria, ulianza uzalishaji, nao umejengwa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, Tanga, mkoa uleule uliofunga mbolea. Sisemi ajira zimejaa huko. Nasema ramani ya mitambo inabadilika, na anayeuza kiwanja anatakiwa aitazame kwanza.

Nikamalizia na maswali matatu. Mtambo upi hasa unakuhitaji, na unafanya kazi mpaka leo? Karatasi zako zitatambuliwa na nani? Na je, una mwaka hata mmoja wa kazi ya uhandisi unayoweza kuithibitisha? La tatu ndilo lililoniuma kuliandika, maana najua jibu. Kama hana, pengine hatua ya kwanza si Toronto. Ni kiwanda chochote hapahapa, cha bia, saruji au sukari, hata kwa mshahara mdogo kuliko wa klorini, ili apate kusajiliwa. Kama ni shule, atafute ufadhili wa uzamili. Kiwanja kisiguswe.

Alisoma usiku, akanipigia asubuhi. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama namfahamu mtu yeyote kwenye kiwanda cha sukari Kilombero. Nikamwambia simfahamu, ila nitauliza. Mnunuzi wa kiwanja kamwambia asubiri hadi mwisho wa mwezi. Mwenye kujua kiwanda kinachotafuta mhandisi kijana, tafadhali anishtue mapema.