Sungura Anayefumba Jicho

Nimefuga sungura hapa Dirma, wilayani Hanang, tangu nikiwa shule ya msingi, na jambo moja nalijua: sungura hapepesi macho ovyo. Anakukazia jicho huku anatafuna majani, wala hana haraka.

Tabia hiyo ndiyo iliyompeleka maabara. Mwaka 1962, huko Marekani, Isidore Gormezano na wenzake walichapisha jaribio ambalo mfugaji angeliona mchezo wa watoto. Mlio unasikika, kisha hewa inapulizwa jichoni. Likirudiwa mara nyingi, sungura hufumba jicho asikiapo mlio tu, kabla hewa haijamfikia. Na kwa kuwa hapepesi bila sababu, akifumba unajua amejifunza. Miaka ya 1980 David McCormick na Richard Thompson walionyesha kwamba funzo hilo hutegemea serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo. Mahali padogo ndani yake pakiharibiwa, mlio haumwambii kitu tena, ingawa hewa ikimpiga bado anafumba. Kazi hiyo haikuwa ya huruma, tusidanganyane.

Kwetu Tanzania, mwanafunzi maarufu ni panya buku. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, humfunza kwamba akinusa sawasawa atasikia mlio, kisha atapata ndizi. Hivyo ametegua kitendawili cha mabomu ya ardhini Msumbiji na cha kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wa panya hao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Kwa maoni yangu, sungura naye alistahili.