UZI: Mali ya kaunti mbili ikiungua, nani analipwa?

1/ Kaunti mbili zikigombania jengo, kiwanja au bomba la maji, mjadala huwa mmoja tu: hii ni ya nani? Wasee, kuna swali la pili ambalo huwa linarukwa: ikiungua leo usiku, nani analipwa? Historia ndiyo inaeleza kwa nini jibu ni gumu. Twende pole pole.

2/ Mwaka wa 1924 mkoloni aliunda mabaraza ya wenyeji. Watu walilipa ushuru kwa baraza lao, pesa zikajenga shule na zahanati. Kwa hivyo mali nyingi tunayogombania ilitoka mfukoni mwa mababu zetu.

3/ Tarehe 1 Januari 1970, kwa sheria ya 1969, serikali kuu ilichukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti. Mabaraza yakabaki na masoko, stendi, nyumba za kupangisha na ardhi.

4/ Baadaye wilaya zikakatwakatwa, na mabaraza pia. Hifadhi ya Maasai Mara, kwa mfano, ilikuwa chini ya mabaraza mawili, Narok na Trans Mara. 2013 yote mawili yakaingia Kaunti ya Narok, hapo mambo yakawa rahisi. Kwingine, mali iliyojengwa kwa wilaya moja ilijikuta inahudumia kaunti mbili au zaidi.

5/ 2013 mabaraza 175 yalikufa, kaunti 47 zikazaliwa. Sheria ya mpito ya 2012 ilikataza kuhamisha mali bila idhini ya Mamlaka ya Mpito. Sababu ilikuwa nzuri: kuzuia watu kujigawia viwanja na magari dakika ya mwisho. Mamlaka hiyo iliisha 2016, na kazi iliyobaki ikaenda kwa kamati ya kiufundi ya mahusiano baina ya serikali.

6/ Sasa bima. Kanuni ya kwanza: huwezi kukatia bima kitu ambacho kikiharibika wewe hupotezi chochote. Lakini si lazima uwe na hati miliki! Mpangaji anaweza kuwa na maslahi, benki iliyokopesha pia. Kwa hivyo "hatukati bima kwa sababu hatujapewa hati" ni kisingizio nusu. Kama unaitumia na unaitunza, kuna kitu utapoteza.

7/ Mitego ni mitatu:
– Kila kaunti inadhani ile nyingine imelipia. Hakuna aliyelipia.
– Zote mbili zimelipia kivyake. Hasara hailipwi mara mbili, kampuni zitagawana fidia.
– Bima ni ndogo kuliko thamani. Jengo la milioni 10 likikatiwa bima ya milioni 4, hasara ya milioni 1 inaweza kulipwa laki 4 tu. Na bila orodha sahihi ya mali, thamani utaitoa wapi?

8/ Angalia hospitali za Level 5. Afya ilihamishiwa kaunti Agosti 2013. Hospitali iko kaunti moja, wagonjwa wanatoka kaunti tano. Maabara ikiungua, mama wa kaunti jirani anaumia sawa na wa hapo, lakini mzigo wa bima uko kwa mwenyeji peke yake. Ni haki kweli?

9/ Najua mtu atasema, "Kaunti zina madeni, bima ni anasa." Lakini kujenga upya kwa bajeti ya dharura ni ghali zaidi. Halafu njia ipo: Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kaunti moja ishike bima, zote ziandikwe, gharama igawanywe kulingana na matumizi. Na muhimu zaidi, waandike mapema kama fidia itajenga upya au itagawanywa. Ukingoja moto uwake ndio muanze kujadili, mtaishia kortini.

10/ Mgombea akija kwenu na hadithi ya "tutarudisha mali yetu", mpigie makofi ukitaka, kisha muulize vitu vitatu: iko kwenye orodha ipi, ina thamani gani, na bima yake iko kwa jina la nani. Mwenye kupigania mali kwa dhati atakuwa na majibu. Wewe je, kaunti yenu inashiriki nini na jirani? Andika hapa chini.