Vikingio vya Panga za Kijapani

Wasikilizaji, leo nataka kuwaeleza habari za kipande kidogo cha madini ambacho Wajapani hukiita tsuba. Ni bamba, aghalabu la mviringo, upana wake kama kiganja cha mtoto, nalo hukaa baina ya mpini wa upanga na makali yake. Katikati pana tundu la kupitisha msuka. Kazi yake ya kwanza ni kuuzuia mkono usiteleze kwenye makali mtu anapochoma.

Zamani za vita bamba hili lilikuwa chuma kitupu, nao waliolifua ni wahunzi wa panga au wa deraya. Lakini mwaka wa 1615 ngome ya Osaka ilipotekwa, ukoo wa Tokugawa ulitawala bila mshindani, na amani ikadumu zaidi ya miaka 200. Upanga ukawa hautoki alani illa kwa nadra. Hapo ndipo vikingio vilipozidi kupambwa, wala si ajabu, maana upanga ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya mavazi. Hata wafanya biashara, walioruhusiwa upanga mfupi tu, walishindana kwa uzuri wa vikingio.

Na ufundi wenyewe! Fundi huchanganya shaba nyekundu na dhahabu kidogo, yapata sehemu tatu au nne katika mia. Mchanganyiko huo, uitwao shakudo, ukiwa mbichi hufanana na shaba tu, wala hudhani kuwa una dhahabu. Lakini ukichemshwa katika maji yenye chumvi za shaba, huwa mweusi wenye kung'aa kisamawati, kama bawa la kunguru. Juu ya weusi huo nakshi za dhahabu huonekana kama taa usiku. Mafundi wa ukoo wa Goto, ambao mkuu wao wa kwanza, Goto Yujo, alifariki mwaka wa 1512, waliigonga shakudo kwa kijipatasi cha ncha ya duara, tone kando ya tone, hata ikawa kama mayai ya samaki. Tone moja likienda upande, jicho huliona mara.

Tarehe 28 Machi 1876 ikatoka amri: watu wasichukue panga hadharani, isipokuwa askari, polisi na maofisa katika mavazi rasmi. Mafundi wengi wakakosa wanunuzi. Wengine wakageukia vyetezo na vyombo vya maua vya kuwauzia Wazungu. Kano Natsuo, aliyezaliwa Kyoto mwaka wa 1828, alikuwa amekwisha kuitwa na serikali kuchonga nakshi za sarafu mpya. Mwaka wa 1890 akawa mwalimu katika chuo cha sanaa cha Tokyo, akiwafundisha patasi zake vijana ambao hawakupata kamwe kuvaa upanga.