Mwiko wa Dawa

Ndani ya kila kisanduku cha sildenafili kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya karatasi hiyo kuna kichwa cha habari kwa Kifaransa: contre-indications. Hapo ndipo yalipoandikwa mambo yanayoweza kumuua anayemeza kidonge hicho. Hapa Lubumbashi wanaume wengi wanaokinunua hawajawahi kuiona karatasi yenyewe. Katika famasi ndogo za mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, kidonge huuzwa kimoja kimoja. Muuzaji huchukua mkasi, hukata plaketi ya vidonge, na kipande anachokupa huenda hakina jina kamili la dawa wala tarehe ya kuisha, kwa kuwa maandishi hayo yamebaki kwenye kipande cha mteja mwingine. Mteja ameomba kwa sauti ya chini, "ile ya nguvu ya banaume." Muuzaji ameuliza, "Moja ao mbili?" Basi, maongezi yamekwisha.

Kifaransa cha contre-indication tukiseme vipi kwa Kiswahili? Wapo wanaoandika "madhara". Hilo ni kosa. Madhara ni yale ambayo dawa inaweza kumletea yeyote aliyeruhusiwa kuitumia: kichwa kuuma, uso kuwaka joto, pua kuziba, tumbo kukosa raha, pengine macho kuona vitu kama vimepakwa rangi ya bluu kwa saa chache. Mara nyingi hupita yenyewe. Wengine huandika "tahadhari", lakini mtu wa tahadhari bado ana ruhusa, ila apunguze kipimo au afuatwe na daktari. Contre-indication haina ruhusa ndani yake. Inasema: ukiwa na hali hii, au ukitumia dawa ile, hiki usikiguse.

Mimi nasimamia "mwiko wa dawa", wingi wake "miiko ya dawa". Neno hili halihitaji kufundishwa. Mganga wa kienyeji hatoi mizizi bila kutaja mwiko: usile kitu fulani, usivuke mto, usikutane na mke wako mpaka siku kadhaa zipite. Na watu hutii. Mzee ambaye hawezi kukumbuka vidonge vya presha anywe saa ngapi, mwiko wa mganga ataushika neno kwa neno, kwa sababu anajua dawa na mwiko wake ni kitu kimoja. Ile nidhamu ipo tayari kwenye lugha, na naona ni hasara kubwa kuiacha nje ya mlango wa famasi.

Kuna tofauti moja ya kueleza waziwazi. Kwa mganga, ukivunja mwiko, dawa hupoteza nguvu. Kwa sildenafili ni kinyume: dawa hupata nguvu kupita kiasi, na anayeharibika ni mwenyewe aliyeimeza.

Mwiko wake mkubwa ni nitrati. Hizi ni dawa za moyo, na inayojulikana zaidi kwa madaktari wetu ni trinitrini, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Kikemia ni nitrogliserini, kitu kilekile ambacho Alfred Nobel alikitulizia ndani ya baruti aliyoiita dinamiti mwaka 1867, na mji wa machimbo kama wetu haukosi wazee wanaolijua jina la dinamiti. Mwaka 1879 William Murrell, daktari wa London, alieleza jinsi matone yake machache yanavyotuliza maumivu ya moyo.

Uhusiano wa trinitrini na kidonge cha wanaume si wa bahati mbaya. Watafiti wa kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu hayohayo ya kifua walipoona sildenafili inafanya kazi kwingine. Marekani iliiidhinisha kwa jina la Viagra tarehe 27 Machi 1998. Mwaka huohuo Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba gesi iitwayo oksidi nitriki hubeba ujumbe ndani ya mishipa ya damu. Mwanaume akipata hamu, mishipa ya fahamu ya uume hutoa gesi hiyo, nayo huzalisha kemikali iitwayo cGMP, ambayo hulegeza misuli ya mishipa ya damu mpaka damu ijae. Kimeng'enya kimoja, fosfodiesterasi aina ya 5, kazi yake ni kuivunja cGMP. Sildenafili humzuia mvunjaji huyo. Trinitrini nayo huongeza oksidi nitriki mwilini kote. Ni kama kufungua bomba huku umeziba mfereji wa kutolea maji. Mishipa ya mwili mzima hulegea pamoja, presha huporomoka, na moyo uliokuwa mgonjwa tangu mwanzo hukosa damu. Hakuna dawa maalum ya kuuondoa mgongano huo.

Maelezo haya yanaonyesha pia kwa nini jina "dawa ya nguvu" linatuponza. Kidonge hiki hakiongezi nguvu yoyote. Pasipo hamu, hakifanyi kitu. Aliyechoka, aliyekunywa pombe ya lutuku au chupa kadhaa za bia ya Simba, hatapata nguvu kwa kumeza viwili badala ya kimoja. Atajiongezea tu kushuka kwa presha. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni miligramu 50, au 25 kwa wenye zaidi ya miaka 65 na wenye ini bovu, na kisizidi kimoja kwa siku. Na "hanithi", neno la kamusi, ni tusi linalomzuia mtu asiseme kwa daktari. Naona "shida ya kusimika" inatosha. Ni shida ya mishipa, mara nyingi ya kisukari, presha au sigara, na kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, huweza kuziba kwanza. Anayekwenda kupimwa kwa shida hiyo pengine anauwahi moyo wake.

Karibu na mwiko wa nitrati kuna tahadhari nzito. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, huzuia ini kuivunja sildenafili. Mgonjwa huyo asizidi miligramu 25 kwa saa 48, tena kwa idhini ya daktari wake. Wenye ugonjwa wa seli mundu, tunaowaita watu wa SS, wako katika hatari ya uume kusimama bila kulala, na ukipita saa nne hivyo ni hospitali mara moja, kwa yeyote yule. Chupa zinazoitwa za mizizi tupu nazo si kimbilio: mamlaka za dawa za Marekani zimekuta sildenafili imefichwa ndani ya bidhaa nyingi za aina hiyo, na mtu anavunja mwiko bila kujua kuwa ana mwiko. Kidonge kisicho na kisanduku chake ni hatari ileile, kwa kuwa hujui kilichomo. Mwaka 2015, kaskazini mashariki mwa Kongo, mamia ya watu walikakamaa shingo na uso kwa vidonge vilivyoandikwa diazepamu, kumbe ndani yake mna dawa nyingine, haloperidoli.

Muuzaji wa famasi anaweza kubadili mengi kwa swali moja, kwa Kiswahili chetu, kabla ya kushika mkasi: "Papa, kuko kidonge yenye unawekaka chini ya ulimi?" Jibu likiwa ndiyo, hauzi. Na mwanaume aliyekwisha kumeza, kifua kikambana usiku, asiweke trinitrini ya jirani mdomoni. Aende hospitali ya Sendwe au nyingine iliyo karibu, na hata kama mke, shemeji na watoto wamesimama pale, amwambie daktari jina la kidonge na saa aliyokinywa. Kwa sildenafili nitrati hazitolewi mpaka saa 24 zipite. Kwa tadalafili, kidonge kingine cha aina hiyohiyo, saa 48. Daktari anazo njia nyingine za kuutibu moyo, lakini ya kuchagua ataijua akishaambiwa.